Neno Lililokwama kwa Shangazi

Barua ya Gisiri ilikuwa na mistari sita. Miaka minne ya mapenzi, posa imeshapelekwa, ng'ombe kumi na wawili wametajwa mbele ya wazee wa kwetu na wa kwao, harusi ni Desemba, halafu mwanamume mzima ananiacha kwa mistari sita nyuma ya karatasi ya ripoti za mbung'o!

"Nimefikiri sana," aliandika. "Ni heri tusioane. Kosa si lako. Usinitafute. Mungu akupe mume mwema. Mimi, Gisiri."

Mume mwema! Hapo nilicheka kwa hasira mpaka mama aliyekuja kununua chumvi akaniuliza kama niko salama. Nikamwambia niko salama kabisa, chumvi ni hii, asante, kwaheri. Kisha nikafunga duka saa tatu asubuhi, siku ya soko. Hakuna mtu wa Rodi Kopany aliyewahi kuniona nikifunga duka siku ya soko.

"Nyar Kisii, kuna matanga?" Otieno fundi cherehani akaniuliza kutoka barazani kwake. Wajaluo wa hapa wananiita hivyo, binti wa Kisii, ingawa nilizaliwa nyuma ya duka hili hili.

"Bado," nikamjibu. "Lakini leo huenda yakawepo."

Usinitafute, amesema! Mimi Orpah Nyakerario, binti Onsongo, niambiwe nisitafute kilicho changu? Nilivaa gambuti, nikajifunga leso juu ya sweta, nikapata lifti ya lori la mchanga. Mvua za mwaka ule wa tisini na saba zilikuwa zimeifanya barabara kuwa uji. Lori lilikwama mara mbili, na mara zote mbili nilishuka nikasukuma pamoja na wanaume, maana hasira niliyokuwa nayo ingesukuma hata trela.

Kambi ya watu wa mbung'o iko nje kidogo ya Magunga, karibu na mbuga. Nilimkuta Gisiri chini ya paa la mabati, amekaa juu ya kreti, anashona mitego. Ni kitambaa cha buluu na cheusi kinachotundikwa porini. Mbung'o huipenda ile buluu, huingia, wala hatoki tena. Aliposikia gambuti zangu zikifyonza matope aliinua kichwa.

Njiani kote nilikuwa nimepanga maneno. Nilikuwa na matusi ya Kigusii, ya Kiswahili, na mawili ya Kijaluo niliyoyahifadhi kwa siku kubwa. Yote yalinitoka nilipomwona macho. Yalikuwa ya njano. Ile njano ninaijua. Na mashavu yake yalikuwa yamebonyea, kola ya shati imemzidi shingo. Wiki sita tu za mvua, hatujaonana, na mtu wangu amepungua nusu.

"Nani amekuambia uje?" akauliza.

"Miguu yangu."

"Rudi nyumbani, Orpah."

"Orpah? Leo mimi ni Orpah? Tangu lini nimekuwa Orpah kwako?" Nikaitoa barua kifuani nikaitupa juu ya kile kitambaa chake. "Soma! Nisomee kwa mdomo wako, mbele yangu. Mstari kwa mstari."

Hakuigusa. Alinitazama mara moja tu, jicho la haraka, la mtu mwenye njaa anayepita mlangoni pa hoteli, kisha akainamia mshono wake.

"Nimekuandikia kama ulivyotaka," akasema. "Sasa unakuja kunitazama ya nini? Sikulaumu, mimi. Mtu yeyote angeogopa. Lakini usije kunichungulia kama maiti."

"Kama nilivyotaka?"

"Jibu lako nililipata. Limekwisha."

"Gisiri wewe! Jibu gani? Mimi nimepokea barua hii leo asubuhi. Sijakuandikia. Sijakutumia mtu. Jibu gani?"

Sindano ya kushonea ilisimama hewani. Nilimwona akinitazama sasa kwa kweli, akinipima kama ninadanganya. Mimi sijui kudanganya kwa uso, na yeye anajua.

"Shangazi yako hakukuambia?" akauliza polepole.

"Aniambie nini?"

"Ayaye," akasema, neno la Wajaluo, na yeye ni Mkuria. Akaiweka ile sindano chini. "Nyakerario. Ugonjwa umerudi."

Nilikaa. Hapakuwa na kiti, nilikaa juu ya furushi la kitambaa cha buluu.

Lazima niseme ugonjwa wenyewe, maana watu wa kwetu wakiona mtu amekonda wana majibu mawili tu, ukimwi au chira, ile laana ya kuvunja mwiko, na huu si ule wala si ile. Mwaka wa tisini na tatu daktari wa mradi wa mbung'o alipima damu ya wafanyakazi wote kutafuta homa ya malale inayoletwa na mbung'o. Kwa Gisiri hakukuta malale, akakuta virusi vya ini, vya siku nyingi, labda vya tangu utotoni. Mradi ukamletea dawa kutoka ng'ambo, vichupa vidogo kama kidole cha mtoto. Ilikuwa sindano tatu kwa wiki kwa miezi sita, na dawa lazima ikae kwenye baridi. Siku hizo Gisiri alikuwa amepanga chumba Rodi Kopany, na friji ya kutegemewa pale sokoni ilikuwa moja tu, friji yangu ya mafuta taa, ninayouzia soda.

Basi Jumatatu, Jumatano na Ijumaa alikuja dukani. Mwanzoni alichukua dawa akaondoka. Kisha akawa anakunywa soda kwanza. Kisha Sista Metrine, muuguzi wa mradi, akanifundisha kudunga, maana paja la kulia lilimshinda Gisiri kulifikia vizuri, au ndivyo alivyodai. Baada ya sindano alitetemeka kama mtu wa malaria, nikamlaza juu ya magunia ya sukari na kumfunika kwa koti la baba. Alikuwa mkali siku hizo, dawa ile ilimtia ukali. Alinigombeza kwa sababu ya chai, mimi nikamgombeza zaidi. Tulipendana hivyo, katika kugombana, kati ya soda na sindano. Miezi sita ilipokwisha daktari akasema virusi havionekani tena. Siku hiyo Gisiri alinunua kreti nzima ya soda, akaigawa soko zima bila kueleza mtu sababu.

Na sasa ananiambia umerudi.

"Tangu lini?" nikauliza.

"Nilianza kuchoka mwezi wa nane. Septemba nikaenda Kisumu wakapima. Wakasema vimeamka. Walisema kwa wengine hutokea, hata baada ya miaka. Dawa ilivilaza tu, haikuviua."

"Septemba! Na leo ni Novemba! Nikaambiwa na nani? Na chumvi?"

"Nilikuambia!" Sasa na yeye sauti ikapanda. "Nilikuambia, Nyakerario! Shangazi yako alipokuja kwetu Migori kuuliza mambo ya ukoo, mbele ya mama yangu mzazi, akauliza, je, nyumba hii ina kifafa? Hakuna. Ina wazimu? Hakuna. Ina ugonjwa wowote? Nikasema upo mmoja, na ni wangu. Nikamweleza wote. Nikamwambia, mpelekee Nyakerario neno hili, uniletee jibu lake."

Shangazi Mellen, dada yake baba, ndiye aliyekuwa mshenga wetu. Sisi Wagusii tunamwita esigani, mtu anayekwenda kuchungulia nyumba ya watu kabla binti hajaolewa. Alikuwa amerudi kutoka Migori mwanzoni mwa Oktoba, akala ugali kwangu, akasema nyumba ni njema na mama mkwe anapika vizuri. Hilo tu.

"Na wewe mdomo wako ulikuwa wapi?" nikamwuliza Gisiri. "Mguu wako ulikuwa wapi? Pikipiki yako ulikuwa umeikodisha?"

"Kwetu mshenga akishaingia, mwanamume hapeleki habari ya ugonjwa mwenyewe. Akija mwenyewe anakuwa amekuja kuomba huruma. Binti ataona aibu kukataa. Ukimwambia mshenga umemwambia mke. Ndivyo tulivyo."

"Kwetu esigani ni wa wazee! Wewe umeweka maisha yangu kinywani mwa mtu mwingine ukaenda kushona vitambaa?"

"Na jibu lililetwa!" akafoka. Akakohoa, akashika ubavu. "Shangazi yako alikuja hapa hapa, viatu mkononi, matope mpaka magotini. Akasema, amesikia. Analia. Hawezi, lakini anaona haya kukuambia. Mwandikie wewe umwache, ili asibebe lawama. Ningefanya nini, Nyakerario? Nije nikulazimishe?"

"Ndiyo!" nilipiga kelele mpaka vijana wa kambi wakatoka nje kutazama. "Ndiyo, ungekuja! Miezi sita nimekudunga sindano mimi, ukinitapikia viatu mimi, halafu unaambiwa Nyakerario ameogopa na unaamini? Uliona lini nikiogopa? Nitajie siku!"

Nilitaka kumpiga na nilitaka kumshika, na sikujua mkono ungeanza na lipi, kwa hiyo nikaikunja mikono yangu kifuani.

"Washa pikipiki," nikasema.

"Twende wapi?"

"Kwa mtu aliyemeza neno langu."

*

Tulimkuta dukani. Shangazi Mellen alikuwa na ufunguo wake siku zote, na alipoona duka limefungwa siku ya soko alilifungua akawa anauza. Aliponiona nikiingia na matope mpaka kiunoni alicheka. Kisha akamwona Gisiri nyuma yangu, na kicheko kikakatika.

Nilifunga mlango nusu. Nje Otieno alikuwa ameacha kushona, masikio yote kwetu, lakini afanye atakavyo.

"Shangazi," nikasema, "nililia lini?"

Alichukua kitambaa akaanza kupangusa kaunta iliyokuwa safi.

"Nakuuliza. Ulimwambia huyu kwamba nimesikia na nalia. Nililia siku gani? Nilivaa nguo gani?"

"Nyakerario, mwanangu, punguza sauti."

"Sipunguzi! Wiki nzima nimepima gauni kwa Otieno, wewe umeshika pini! Umeshika pini mdomoni ukijua harusi umeshaivunja!"

"Nilikuwa nakungoja upone," akasema.

"Nipone nini?"

"Yeye." Akamwelekezea Gisiri kidevu. Kisha akamgeukia kabisa, na sauti yake ikawa ya heshima, na hiyo ndiyo iliniudhi zaidi. "Baba, sina chuki na wewe. Ungekuwa mlevi ningekusema kwa ubaya, lakini wewe ni mtu mwema. Ila mimi nilimzika Ogeto."

Gisiri aliinamisha kichwa. Ogeto alikuwa mume wa shangazi. Nilikuwa mdogo alipokufa, nakumbuka tumbo lake tu.

"Macho yalianza hivyo hivyo," shangazi akaendelea. "Njano. Kisha miguu ikavimba. Kisha tumbo likajaa maji, mwembamba kila mahali isipokuwa tumbo. Watu wakasema amelogwa, wakasema mimi ndiye niliyemloga. Miaka miwili nilimgeuza kitandani. Alinitapikia damu mikononi. Sasa huyu anakaa mbele yangu Migori ananiambia, Mama, ni ini. Ulitaka nirudi hapa nikupikie habari hiyo na ugali? Ningekuambia ungesema nini?"

"Ningesema ninalotaka!"

"Ungesema utaolewa naye. Nakujua. Ndiyo maana sikukuambia."

Alisema bila kupepesa macho, na nilijua ni kweli, na ukweli ule uliniongezea hasira.

"Na si kifo tu," akasema, sauti imeshuka. "Ugonjwa huu unaambukiza. Alinieleza mwenyewe. Kwa damu, na kwa mambo ya mume na mke. Ndoa si kushikana mikono, Nyakerario. Mwaka mmoja mngekuwa wagonjwa wawili."

"Hapo shangazi ana haki," Gisiri akasema. Lilikuwa neno lake la kwanza tangu tuingie. "Hilo ndilo lililonifanya niandike. Nilisema, hata kama angenitaka, kwa nini nimpe?"

Mmesikia? Wawili wamekaa, wameamua juu ya mwili wangu, na mimi mwenye mwili niko hapa nimesimama! Nilizunguka kaunta, nikafungua kabati la chini, nikautoa mkebe wa kakao ninamoweka vyeti vyangu. Nikamwaga cheti cha kuzaliwa na cha ubatizo sakafuni, mpaka nikaipata karatasi ndogo iliyokunjwa mara nne.

"Soma," nikampa Gisiri. "Wewe si unajua Kiingereza cha madaktari? Soma."

Alisoma. Akarudia. Nilimwona akitafuta tarehe.

"Hii ni damu yako," akasema.

"Ni yangu. Novemba, tisini na tatu. Ilikuwa sindano ya mwezi wa nne. Nilikuwa nikifunika sindano ulipotetemeka ukanisukuma mkono, ikaniingia kidole gumba. Hukuona. Nikaenda kwa Sista Metrine peke yangu, akanitoa damu, nikangoja majibu mwezi mzima. Akasema mwili wangu ulikutana na ugonjwa huo zamani nikiwa mtoto, ukaushinda, ukaacha kinga. Akasema watu wengi huku wako hivyo na hawajui. Siwezi kuupata kutoka kwako, Gisiri. Sikuweza hata wakati ule."

Nilidhani atafurahi. Mungu wangu, kumbe sikumjua. Uso wake ulibadilika, mshipa ukamsimama shingoni.

"Ulidungwa na sindano yangu," akasema, "ukanyamaza?"

"Ungejilaumu. Ungeacha dawa. Ilikuwa imebaki miezi miwili."

"Miaka minne ukanyamaza!"

"Ulikuwa umepona! Ya nini kukumbusha?"

"Umenitukana tangu Magunga mpaka hapa kwamba nilikuficha! Mimi nilisema, neno likakwama njiani. Wewe hukusema kabisa! Karatasi hii ningeiona Septemba, unadhani ningeiandika ile barua?" Alipiga kaunta kwa kiganja, chupa zikalia. "Ulijuaje kwamba sindano haijakuambukiza, na kidole bado kinauma? Huo mwezi uliongoja majibu ulilala vipi?"

"Sikulala," nikasema.

Hapo ndipo machozi yalipokuja, yale ambayo shangazi alikuwa amenisingizia. Sikuyafuta. Nililia nikiwa nimekasirika, kwa sauti, maana alikuwa ameshinda hoja na sikuwa na pa kujificha. Nilikuwa nimemficha kwa huruma, naye alikuwa ameniacha kwa huruma, na shangazi alitudanganya wote kwa huruma. Sote watatu tulikuwa tumepigwa na huruma zetu wenyewe. Ningemkuta mtu mwenye huruma tena siku ile ningemfukuza dukani.

Nilipenga kamasi kwa leso.

Kisha nikavuta kigoda kirefu kilichokuwa nyuma ya kaunta, nikakiweka katikati ya duka, kati yangu na Gisiri.

"Shangazi. Wewe bado ni esigani wetu?"

"Mwanangu, mambo yameshakuwa—"

"Ni wewe au si wewe? Baba alikupa kazi, hajakunyang'anya. Njoo ukae hapa. Leo utabeba neno, na utalifikisha."

"Mnasikiana wenyewe, nitabeba nini?"

"Kaa."

Alikaa. Mwanamke wa miaka sitini, mwenye sauti inayosikika soko zima, alikaa kwenye kigoda mikono ikiwa mapajani.

"Mwulize huyo mwanamume," nikasema, "kama dawa ipo."

Shangazi alimgeukia Gisiri, aliyekuwa hatua mbili tu. "Anauliza kama dawa ipo."

Gisiri alinitazama mimi. Nikatazama friji. Akaelewa, akamtazama shangazi.

"Mwambie mradi umefunga upande wa matibabu, imebaki mitego tu. Ile dawa haiji tena. Na daktari wa Kisumu alisema hata ikija, huenda ikavilaza tena, huenda isivilaze."

"Anasema—" shangazi akaanza, akaanza upya. "Anasema haipo. Labda baadaye. Na huenda isifae."

"Mwulize daktari alimpa muda gani."

"Anauliza muda."

"Mwambie hakunipa muda. Alisema wengine hupata miaka mitano. Wengine thelathini. Nisinywe pombe, nami sinywi. Niende kupimwa. Basi."

Shangazi alinigeukia. "Mitano, au thelathini. Hawajui."

"Mwambie nimesikia," nikasema. "Safari hii nimesikia kweli. Sasa mwulize kama ananitaka."

"Nyakerario..."

"Mwulize!"

"Anauliza kama unamtaka."

Gisiri aliishika ile karatasi yangu kwa mikono miwili, akaikunja mara nne kama nilivyokuwa nimeikunja.

"Mwambie sitaki anigeuze kitandani," akasema. "Mwambie sitaki anione nina tumbo la maji. Ana miaka ishirini na saba. Sitaki awe mjane akiwa na—"

"Sikuuliza hilo!" Niliruka. "Shangazi, mwambie sikumwuliza anataka kuuguzwa na nani! Nimeuliza neno moja!"

"Hajauliza hilo," shangazi akasema, na sasa sauti yake ilikuwa imelowa. "Jibu ulichoulizwa, baba. Mimi mwenyewe nataka kusikia."

Huko nje nadhani hata cherehani ya Otieno ilikuwa inangoja.

"Mwambie namtaka," Gisiri akasema. "Tangu soda ya kwanza. Mwambie ile siku ya kwanza sikuwa hata na kiu."

Shangazi alinigeukia. Machozi yalimtiririka mpaka kidevuni, akayaacha.

"Nimemsikia," nikamwambia, "lakini lilete wewe. Ndilo hilo ulilolizuia."

"Anakutaka," shangazi akasema. "Anakutaka, mwanangu. Na mimi nilijua."

Nilikaa juu ya gunia la sukari, pale pale nilipokuwa nikimlaza siku zile.

"Sasa na wewe unipe jibu," akasema. "Nimpelekee nini?"

"Mwambie alete ng'ombe, kama ilivyosemwa. Mwambie harusi ni Desemba, haisogezwi hata siku moja. Mwambie kabla ya hapo atanipeleka kwao mwenyewe, kwa mdomo wake na pikipiki yake, nimsikie mama yake. Na mwambie bado nina hasira naye, sijui itakwisha lini."

Shangazi Mellen aliufuta uso kwa kitambaa cha kupangusia kaunta. Akageuka kwenye kigoda chake, akanyoosha mgongo, akasema kwa ile sauti yake ya siku zote, ile inayosikika mpaka mwisho wa soko.

"Anasema lete ng'ombe. Harusi ni Desemba. Utampeleka kwenu mwenyewe. Na ana hasira."

"Mwambie nimepokea," Gisiri akasema. "Na mwambie na mimi ninayo."

Nilidhani yamekwisha. Nilidhani shangazi atasimama, arudi kwenye chumvi na sukari. Lakini aliendelea kukaa, akamtazama Gisiri yale macho ya njano bila kukwepa, kwa mara ya kwanza tangu tuingie.

"Hayo ni ya kwake," akasema. "Hili ni la kwangu, sikutumwa. Tumbo likianza kujaa, msihangaike wenyewe kama nilivyohangaika mimi. Mniite. Mimi najua jinsi ya kumgeuza mtu bila kumwumiza."